Muzee Aliyekuwa Ananikimbia

Siku niliyofika Nchelenge nilimunyoshea baba mukwe wangu mukono, na shida yangu yote ya mwaka ule ilianzia hapo. Leo naisimulia nikicheka. Wakati ule, wapi! Nilikuwa nalia mpaka kitenge kinalowa.

Bon, nianze vizuri. Tulivuka kutoka Kilwa, upande wa Kongo, ndani ya bwato la moteri lililobeba sabuni, vitenge na mabidoni ya mawese. Mimi nilizaliwa Likasi, kwenye kampi ya wafanyakazi wa mugodi, mahali ambapo maji yanatoka kwenye robine. Ziwa nilikuwa sijaliona isipokuwa kwenye kalenda. Nilitapika tangu tulipoacha matete ya Kilwa mpaka tulipoona matete ya Zambia. Bwana yangu alinishika kichwa huku anacheka. "Si ulisema wewe ni mutoto wa muji? Watoto wa muji ndivyo wanavyosafiri?" Nilitaka kumujibu, lakini kinywa kilikuwa na kazi nyingine.

Bwato lilipogusa muchanga nilimushukuru Mungu kwa sauti. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino kirefu, mama yangu alininunulia kwa ajili ya siku ile, na visigino vikazama palepale. Watu wa kwao walikuwa wamesimama kutupokea: mama mukwe wangu, wanawake wa jirani wanaimba, na nyuma yao muzee murefu, mukavu, amevaa kofia. Nikajua huyo ndiye baba. Kwetu kampi nilifundishwa heshima moja tu: unamuangalia mukubwa usoni, unamupa mukono, unasema, "Jambo yako, baba." Nikapita katikati ya watu wote na visigino vyangu, nikaenda moja kwa moja mpaka kwake, nikanyosha mukono.

Muzee aliuangalia ule mukono. Halafu akageuka, akaingia katikati ya nyavu zilizoanikwa, akapotea. Wanawake waliokuwa wanaimba wakanyamaza, mumoja akafunika kinywa. Mukono wangu ulibaki hewani, sikujua niurudishe namna gani. Bwana yangu ndiye aliyeushusha, akaninong'oneza, "Hapa si Likasi." Hayo ndiyo maelezo yote niliyopewa siku ile, naye aliona yanatosha.

Tulikuwa tumejuana sokoni. Yeye alikuwa analeta samaki wakavu Likasi, anawapandisha kamiyo kutoka Kilwa, na mimi nilikuwa nauza mikate pembeni ya meza yake. Kila alipokuja alinunua mukate, akaniachia samaki wa kuonja. Nilionja mpaka nikaolewa. Baba yangu, ambaye duniani alikuwa anaamini kitu kimoja tu, mushahara wa mwisho wa mwezi, hakufurahi. "Utaenda kunuka samaki mpaka kufa," aliniambia. Mama akamujibu kutoka jikoni, "Na wewe unanuka mugodi tangu nikujue, mimi si nilikuzoea?" Baba akacheka, na mutu akishacheka hawezi tena kukataa vizuri. Mahari ikapokelewa, kanisani tukapita, nikafunga valizi.

Juu ya karatasi za kukaa ugenini, mutu hakufikiri sana. Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzo mwanzo. Kwetu nchi ilikuwa imeanza kuitwa Zaire na sisi tukaambiwa ni masitwayeni, yaani raia, lakini kwenye ziwa tulibaki "watu wa ng'ambo", basi. Watu walivuka asubuhi kwenda matanga, wakarudi jioni na kuku. Nilipomuuliza bwana yangu habari ya karatasi alisema zitakuja. Yeye kila kitu kwake kilikuwa kinakuja: karatasi zinakuja, mabati ya nyumba yanakuja, mvua inakuja. Kwa kweli mvua tu ndiyo ilikuja.

Mama mukwe wangu nilimupenda mapema. Alizaliwa Puta, alikuwa mufupi, mwenye sauti, na Kiswahili chake alikipata kwa wachuuzi wa Kongo, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha kuuza samaki. Hata kunipenda alinipenda kwa maneno ya sokoni. Siku moja nilipopika vizuri aliniambia, "Wewe eko samaki muzuri. Haina miba mingi." Nikacheka mpaka machozi, maana baba yangu angemuambia ukweli juu ya miba yangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga magoti nikisalimia, kupiga makofi taratibu nikipokea kitu, na kusema "mukwai" kila mwisho wa sentensi ili nisionekane mukali. Magoti yangu ya muji yalilia. Kibemba kiliingia polepole, kwanza majina ya vyombo, halafu matusi, halafu mengine. Mimi niliposema bukari, ugali wa kwetu, yeye alisema ubwali, tukaangaliana, tukaona tunasema kitu kimoja. Ila wake ulikuwa wa muhogo, unang'ang'ania vidole. Nikamuambia wazi kwamba wa mama yangu ulikuwa mutamu zaidi. Akanijibu kwa methali yao: "Umwana ashenda atasha nyina ukunaya." Mutoto asiyetembea anasifu bukari ya mama yake tu.

"Lakini mimi nimetembea!" nikasema.

"Umetembea juzi," akanijibu, akaniongezea tonge.

Kwa huyo mama nilikuwa nimepona. Lakini muzee! Muzee alinishinda.

Nikienda kuteka maji asubuhi, nikimuona anakuja mbele yangu, anaacha njia. Si kusogea pembeni kidogo, hapana: anaingia ndani ya shamba la muhogo kabisa, naona majani yanatikisika, yananyamaza, yananingoja nipite. Nikiingia lupango, ule uwanja wa nyumba yao, yeye anatoka. Mwanzo alikuwa anatokea mulangoni, lakini siku mbili tatu tulikaribia kugongana, basi akachukua panga akatoboa uzio wa matete upande wa nyuma, apate pa kupitia. Mutu anaharibu uzio wake mwenyewe juu yangu! Nikikuta ameketi na mama mukwe, anageukia ukuta na kuuangalia mpaka niondoke. Ule ukuta haukuwa na kitu. Nilikwenda kuuangalia mimi mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni mbwa. Mama mukwe akiwa hayupo na muzee anahitaji kitu, alikuwa anamuambia mbwa. "Wewe mbwa, moto umezimika." Mbwa amelala. Mimi niko nyuma ya nyumba, nasikia. "Wewe mbwa, maji ya kunywa yamekwisha." Nikawa naleta maji, naweka mahali, naondoka, na muzee anatoka kuyachukua akishajua nimeenda. Kwetu kampi nilikuwa mutoto wa kwanza, nimesoma kwa masista, nilisimama mbele ya watu siku ya sikukuu na kusema shairi. Sasa nikawa mutu ambaye mbwa anamuzidi cheo.

Bwana yangu aliporudi kutoka ziwani nilimungoja ashibe, maana mama yangu aliniambia tangu zamani kwamba mwanaume mwenye njaa hasikii. Nikamuambia, "Baba yako hanitaki."

"Nani amesema?"

"Anasema na mbwa. Na mimi, hapana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza, hiyo mara ya kwanza, kwamba mimi ni mukamwana wa baba yake, yaani bibi wa mwana wake, na mutu na mukamwana wake hawakaribiani, hawashikani mikono, hawatajani majina. "Anakuheshimu," akasema.

"Heshima gani? Kwetu mutu akikuheshimu anakuambia jambo."

"Kwetu akikuheshimu anakuachia njia."

Sasa, mimi si mujinga. Kwamba mwanaume anamukimbia mama mukwe wake, hiyo niliijua. Nilimuona baba yangu mwenyewe akijificha nyuma ya choo cha kampi siku nyanya, mama ya mama yangu, alipokuja kututembelea. Lakini baba mukwe kumukimbia bibi wa mwana wake, hiyo sikuwahi kuisikia. Na kwa nini alinigeuzia mugongo siku ya kwanza mbele ya watu wote? Nikaona bwana yangu anamufunika baba yake na kitenge cha desturi. Yule muzee hakutaka Mukongomani ndani ya lupango lake, ndivyo nilivyojiambia, na mwana wake anaona haya kusema. "Kama ni heshima," nikamuambia, "mbona inauma?" Akaniambia nitazoea. Baada ya siku chache akachukua nyavu zake, akaenda na wenzake upande wa Mofwe ambako samaki walikuwa wanapatikana vizuri musimu ule. Aliniacha na mimba yangu ya kwanza, tumbo limeanza kuonekana, na muzee wangu ndani ya muhogo.

Ndipo ikaja Landirova.

Tulikuwa tumesikia kwamba watu wa serikali wa mambo ya wageni wameanza kupita kwenye fukwe, wanakusanya watu wa ng'ambo wasio na karatasi na kuwarudisha. Tulisikia, tukaendelea na kazi. Wachuuzi wa Kongo ndio waliokuwa na masikio mazuri: asubuhi ile matete yote yalikuwa yanakohoa kwa wingi wa watu waliojificha ndani. Mimi nilikuwa ufukweni na mama mukwe wangu, tunapasua samaki wa kukausha. Ningeweza kukimbia. Sikukimbia kwa sababu nilijisahau. Kwa kweli nilipoiona ile gari nilifikiri, masikini watu wa ng'ambo, leo watapata taabu.

Ofisa aliyenifikia alikuwa kijana, sare yake imepigwa pasi vizuri, mutu wa upande wa Kasama kwa namna alivyosema Kibemba. Alinisalimia kwa adabu, na mimi nikamurudishia, magoti chini, "mukwai" mwishoni, kila kitu mahali pake. Akatabasamu kwa huruma.

"Kibemba hiki ulijifunza wapi?"

"Kwa mama mukwe wangu, mukwai."

"Na kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

"Likasi," nikasema. Sijui kudanganya kwa haraka. Nahitaji kupewa muda.

Akaniomba chitupa, ile karte ya wenyeji ambayo kila mutu muzima wa Zambia anayo. Sikuwa nayo. Nikamuambia nimeolewa hapa. Akavuta pumzi. "Madamu, leo asubuhi kila mwanamuke niliyemukuta ameolewa hapa."

Mama mukwe akatupa kisu chini. "Huyu eko bibi ya mutoto yangu!" akapiga kelele kwa Kiswahili, kwa mazoea, halafu akairudia kwa Kibemba.

"Mayo," ofisa akamuambia, bila dharau, "wamama wote wa ufukwe huu wamepata wakamwana leo. Mumoja amenionyesha mukamwana aliyemuzidi umri." Akanigeukia. "Bwana yako yuko wapi?"

"Mofwe."

"Na baba yake?"

Mama akaniangalia, mimi nikaangalia samaki, kila mutu kwa sababu yake.

"Yupo," mama akasema mwishowe.

"Aitwe. Wanawake wanasaidiana, nimewaona. Mwenye lupango akithibitisha kwamba huyu ni mukamwana wake, namuacha. Akishindwa, atapanda bwato pamoja na wenzake."

Bwato lenyewe lilikuwa palepale, watu wamekaa ndani na mafurushi yao mapajani. Mutu akatumwa kumuita muzee, na mimi nikakaa juu ya jiwe. Nilijua nimekwisha. Maisha yangu yote, na ya mutoto aliyekuwa tumboni, yalikuwa yamewekwa kwenye mikono ya mutu ambaye hakutaka hata kuushika wangu. Nilijiona nashuka Kilwa bila bwana, bila nauli, natafuta kamiyo ya kunipeleka Likasi na tumbo. Nilimuona bwana yangu akirudi kutoka Mofwe na kukuta nimeenda. Angenifuata? Angenifuata, ndiyo. Lakini mara ngapi mutu anamuleta bibi mahali ambapo baba yake amemukataa mbele ya serikali? Nikamuomba Mungu: mufanye muzee huyu anipende kidogo tu, kwa dakika moja, halafu aendelee na mambo yake.

Muzee akaja. Kwa sababu ameitwa na serikali alikuwa amevaa koti la kanisani na viatu vyake vyeusi, viatu ambavyo alivifuta mwenyewe kila Jumamosi na ambavyo mvua ilikuwa haijawahi kuvigusa, maana siku za mvua alikuwa anavibeba mukononi na kwenda kanisani peku. Aliponiona akasimama. Akabaki kule, karibu na maji, kati ya bwato la ofisa na ile Landirova, akiangalia chini.

"Tata," ofisa akamuambia, "munamujua mwanamuke huyu?"

Muzee akaangalia ziwa.

"Ni bibi wa mwana wenu?"

Akainamisha kichwa zaidi.

"Basi niambieni jina lake. Yeye amenitajia. Mukilitaja lile lile, tumemaliza."

Watu walikuwa wamekusanyika, hata matete yaliacha kukohoa. Niliona kinywa cha muzee kinafunguka, kinafungwa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, akiwa ameelekeza uso majini, "Jina hilo si la kinywa changu."

Eh, mama yangu! Nilikisikia kile alichosema na nikakielewa kwa namna yangu. Hofu yote ikageuka hasira, na hasira yangu haikujua Kibemba. Nilisimama, nikapiga kelele kwa Kiswahili cha Likasi, kile cha kugombana kwenye robine: "Mumuache! Muniweke kwenye bwato, niende kwetu! Huyu muzee alinikataa tangu siku ya kwanza, munamusumbua bure! Yeye anapenda mbwa wake!"

Wenye kujua Kiswahili walishika vinywa. Muzee naye alikijua kidogo, cha biashara, na nilimuona mabega yanapanda juu, sawa na mutu aliyemwagiwa maji ya baridi. Lakini hakugeuka.

"Anasema nini?" ofisa akauliza.

"Anasema muzee anapenda mbwa," mutu akamutafsiria.

Ofisa akaniangalia mimi. Akamuangalia muzee. Akaangalia ule muchanga mutupu uliobaki kati yetu, mupana kama uwanja, ambao hakuna mutu aliyeupanga na hakuna aliyeukanyaga. Akasema taratibu, "Tata, sogeeni hapa karibu, tuzungumze." Muzee akatikisa kichwa. "Ni serikali inayowaita." Muzee akatikisa kichwa tena. Basi ofisa akanigeukia mimi. "Wewe, enda. Enda umupe mukono."

"Awe!" mama mukwe akalia. "Awe, mukwai! Hapana hiyo!"

"Enda," ofisa akarudia.

Nikaenda. Haya ilikuwa imekwisha, nilienda kwa hasira. Kama ananikataa, nilisema moyoni, anikatae nikiwa karibu, nimuone macho. Nilinyosha mukono kama siku ile, nikatembea. Muzee akarudi nyuma. Upande huu kulikuwa na bwato, upande ule gari, kwa hiyo akarudi nyuma moja kwa moja, anaangalia chini, na nyuma yake hakukuwa na kitu isipokuwa ziwa. Nikafikiri atasimama akifika kwenye maji. Mutu yeyote angesimama, na viatu vile.

Hakusimama. Hakuviangalia hata viatu. Aliingiza muguu mumoja, akaingiza wa pili, maji yakapanda mpaka kwenye mashavu ya miguu, mpaka magotini, pembe za koti la kanisani zikaanza kuelea. Hapo akanigeuzia mugongo, akavua kofia, akaishika kifuani, akabaki amesimama anaangalia Kongo.

Nilisimama nikiwa bado nimenyosha mukono. Na mimi, niliyekuwa nimeelezwa na bwana yangu nikakataa, nikaelewa sasa bila kuelezwa. Chuki ni rahisi kuliko hiyo. Kama angenichukia angesema tu "simujui", maneno hayo tu, akarudi nyumbani na viatu vikavu. Muzee huyu alikuwa ameniachia njia asubuhi zote zile, akaniachia mulango wake, akaniachia uzio wake, na leo amebaki hana kitu kingine cha kuniachia isipokuwa ufukwe wenyewe, akauacha nao.

Wa kwanza kucheka alikuwa ofisa. Alianza kidogo, akajizuia, akashindwa, akavua kofia yake akajipepea nayo. "Basi! Basi, tata, inatosha! Nimeona!" Akawageukia wenzake wa kwenye gari. "Mwanaume wa kwetu hamukimbii bibi wa mutu mwingine hivi. Huyu ni mukamwana wake, hakuna haja ya kuuliza tena." Machozi ya kicheko yalikuwa yanamutoka. "Baba yangu mimi alinyeshewa mvua usiku mumoja mpaka asubuhi kwa sababu bibi yangu, mukamwana wake, alisinzia mulangoni, na hakuna aliyethubutu kumuamusha." Halafu akakumbuka yeye ni serikali, akavaa kofia. "Wewe, bwana yako akirudi mukuje wote bomani, mutafutiwe karatasi. Sasa toka mbele ya huyu muzee. Nina kazi."

Mama mukwe akapiga vigelegele, na wanawake wote wakamufuata, hata wale waliokuwa na wakamwana wa kukodi. Mimi nilijisikia kama mutu aliyetua beseni la maji kutoka kichwani: shingo ilipata wepesi kwanza, halafu mabega, nikakaa muchangani, nikacheka na kulia pamoja, kamasi na machozi, sikujali. Nabaki! Nabaki hapa! Nilimuambia mama hivyo, nikamuambia mwanamuke wa jirani, nikamuambia hata dereva wa Landirova ambaye hakuwa ameniuliza. Hewa ya ziwa, ambayo tangu nifike nilikuwa nalalamika inanuka samaki, niliivuta yote. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Na muzee alikuwa bado ndani ya maji, mugongo kwetu, kofia kifuani.

Nikainuka. Nilitaka kumukimbilia, nimushike miguu, nimuombe asamehe maneno yangu ya mbwa, nimuambie aksanti kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kwa Kifaransa cha masista. Nilikuwa nimeshaingiza muguu majini mama mukwe aliponikamata kitenge kwa nyuma.

"Unaenda wapi, wewe?"

"Kumushukuru!"

"Kumushukuru!" Alinivuta mpaka nikakaribia kuanguka. "Hauna macho? Piga hatua moja tena, na yeye ataenda Kongo pahali pako."

Niliuangalia ule mugongo. Maji yalikuwa yanatembea taratibu kwenye magoti yake na yeye anangoja, kama alivyokuwa anangoja ndani ya muhogo kila asubuhi. Sikumuambia neno. Nikatoa muguu majini, nikageuka, nikaenda nyumbani mbio, tumbo mbele, bila kuangalia nyuma hata mara moja, ili baba yangu atoke kwenye maji.